Njoo nikuchane: kitenzi kidogo kinachobeba malezi ya nyumba

Mwite mtoto wa miaka mitatu, mwambie, “Njoo nikuchane,” kisha mwangalie. Wapo wanaokuja wakiburuza kigoda chao, na wapo wanaokimbilia nyuma ya mlango. Anayekimbia hana makosa. Jana alisikia kaka yake akigombezwa kwa kuchana daftari, na leo neno lile lile linaelekezwa kichwani kwake. Daftari likichanwa halina kazi tena. Kichwa je?

Kiswahili kimekaa na neno hili la pande mbili miaka mingi bila ugomvi. Tunachana karatasi, tunachana nywele. La kwanza huharibu, la pili hutengeneza. Mtu mzima hahitaji kufikiri ili kuzitofautisha. Mtoto hujifunza tofauti hiyo akiwa ameketi chini, mabega yake yamebanwa kati ya magoti ya mama, bibi au shangazi, mafuta ya nazi yakinukia na kitana kikipita taratibu.

Tangini, Kibaha Mjini, na kwa majirani zao wa Kisarawe, kazi hiyo bado huonekana mwisho wa wiki, barazani au chini ya mwembe. Huonekana, lakini nyumba zinazoifanya zinapungua. Kuna saluni kila kona, kuna rasta za dukani, kuna mashine ya kinyozi inayomaliza kichwa kizima kwa dakika chache. Neno “kuchana” halitatoka kwenye kamusi kwa sababu hiyo. Linachoweza kutoka ni nyumba, na likitoka huondoka na mambo mengi ambayo familia haijayahesabu.

Chana na tana ni ndugu

Chukua vifaa viwili vilivyopo karibu kila nyumba: kitana na chanuo. Kitana ni kile kidogo chenye meno ya karibukaribu. Chanuo ni kikubwa, meno yake marefu na yaliyoachana, kizuri kwa nywele nyingi zilizoshikana. Watu wengi huvitumia kila siku bila kugundua kwamba majina yao yametoka kwenye kitenzi kimoja.

Siri iko kwenye lahaja. Panapo “ch” katika Kiswahili cha Unguja, mara nyingi watu wa Mombasa na Lamu husema “t”. Macho kwao ni mato, mchanga ni mtanga, kucheka ni kuteka, kuchinja ni kutinda. Kwa njia hiyo hiyo, kuchana nywele kwao ni kutana nywele. Kamusi za zamani, zikiwemo zile za wamisionari wa karne ya 19, zimekiweka kitenzi “tana” kwa maana ya kutenganisha, kugawa na kuchana.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, “chana” ndiyo iliyoingia madarasani. “Tana” kama kitenzi ikabaki kaskazini, lakini mtoto wake, kitana, alikwisha kuingia kila nyumba na hakuna aliyemtoa. Ndiyo maana leo Mtanzania hutumia kitenzi cha kusini na kifaa chenye jina la kaskazini, akamchana mwanawe kwa kitana, wala haoni ajabu.

Sokoni ndugu hao wawili hukutana tena. Muuza ndizi mmoja atakuambia “tana moja bei gani”, mwingine atakuambia “chane moja”. Wote wanazungumzia kitu kimoja: vidole vya ndizi vilivyopangana kwenye shina, vimeachana kidogo kidogo kama meno ya kitana.

Na ua nalo je? Ua likifunguka tunasema limechanua. Chanuo limetoka humo. Nywele zilizokuwa zimejikunja na kulala, chanuo likipita zinasimama na kufunguka mviringo, kama ua. Huhitaji kuwa mtaalamu wa lugha kuliona hilo. Inatosha kumtazama binti aliyemaliza kuchanwa, kabla hajabanwa wala kusukwa.

Vijana wa mjini nao wamelipeleka neno kwingine. Msanii wa muziki wa kufokafoka “anachana mistari”. Mtu aliyeambiwa ukweli bila kupakwa mafuta “amechanwa”. Aliyebashiri matokeo ya mpira akakosa hulia kwamba mkeka wake “umechanika”. Neno lingali hai mtaani, na ni ushahidi kwamba lina nguvu. Wasiwasi uko kwenye ile maana ya kwanza, ya kitana na kichwa cha mtoto.

Mkeka na kichwa

Ili kuelewa kwa nini neno moja limebeba kupasua na kutengeneza, mtazame mwanamke wa Pwani anayetengeneza mkeka. Huanza na majani ya mkindu au miyaa yaliyokaushwa. Kabla ya kusuka chochote, huyachana: hupitisha ukucha au ncha ya kisu kufuata mishipa ya jani, likagawanyika katika nyuzi nyembamba zinazolingana. Nyuzi hizo hutiwa rangi, husukwa kuwa ukili, na ukili hushonwa kuwa mkeka.

Angalia vitenzi: kuchana, kisha kusuka. Kichwani ni hivyo hivyo. Msusi hachukui nywele zilizofungamana akaanza kusuka. Huzichana kwanza, akagawa njia, ndipo vidole vianze kazi. Jani lisilochanwa sawasawa hutoa ukili wa matege. Nywele zisizochanwa vizuri hutoa mistari iliyopinda, na mtoto hulala na maumivu.

Kwa hiyo maana ya mzizi wa neno hili ni kutenganisha kwa kufuata njia ya kitu chenyewe. Ukifuata njia yake, jani huwa uzi na nywele huwa laini. Ukivuta kinyume na njia yake, unapata yale machozi ya nyuma ya mlango.

Bibi wengi wa Kisarawe waliozoea mikeka hawakufundishwa kanuni hiyo kwa maneno. Walikuwa nayo vidoleni, na vidole vile vile vilivyochana miyaa mchana vilichana wajukuu jioni.

Kuchanwa: saa ya mtoto

Mtoto huanza maisha yake upande wa kutendewa. Hachani, anachanwa. Katika kuchanwa hujifunza kwanza ramani ya kichwa chake mwenyewe: utosi, kisogo, paji, panja. Ni maneno ambayo mtoto wa siku hizi anaweza kufika darasa la saba bila kuyatumia, kwa sababu hakuna aliyemwambia, “Inamisha, nifike kisogoni,” wala, “Tulia, hapa panjani panauma.”

Hujifunza pia vitenzi vidogo vidogo vya kazi yenyewe. Kufumua ni kufungua misuko ya wiki iliyopita. Kuchambua ni kutenganisha kwa vidole yale mafundo ambayo kitana hakiwezi. Kugawa njia, kupaka, kubana, kusokota. Kila kimoja kina mwendo wake wa mkono, na mtoto huujua mwendo kabla ya kulijua neno.

Lakini kubwa zaidi ni mazungumzo. Mtoto anayechanwa amempa mama yake mgongo. Hawatazamani. Kila mzazi aliyewahi kumchana mwanawe anajua kwamba katika hali hiyo mtoto husema mambo ambayo hasemi akisimamishwa mbele na kuulizwa. Atataja mwenzake anayemwonea shuleni. Atataja jirani anayempa pipi na kumwambia asiseme. Atauliza damu ya dada ilitoka wapi.

Mama naye, mikono ikiwa na kazi, hujibu bila kukaza sauti. Hapo ndipo mafunzo ya hedhi, ya mwili, ya kujihadhari na ya heshima yalipopita kwa miaka mingi, kidogo kidogo, bila mtu kutangaza kwamba sasa ni muda wa mafunzo. Saa moja kila wiki, kwa miaka kumi, inazidi saa mia tano za mzazi na mtoto wakiwa wawili tu. Ni nyumba ngapi za leo zina saa hizo mahali pengine?

Kulikuwa na adabu zake pia. Nywele zilizobaki kwenye kitana hazikutupwa ovyo. Zilikusanywa, zikafukiwa au kuchomwa, kwa hofu kwamba mwenye nia mbaya angeweza kuzitumia. Mtu anaweza kuikataa imani hiyo na bado akaona kilichokuwa ndani yake: mtoto aliambiwa kwamba kilichotoka mwilini mwake ni chake, na si kila mtu ana ruhusa ya kukigusa.

Kujichana na umri wa mwali

Siku moja mtoto hunyang'anya kitana. “Naweza mwenyewe.” Kitenzi hubadilika: kuchanwa huwa kujichana. Herufi mbili tu zimeongezeka, “ji”, lakini mzazi anayesikiliza anajua kwamba hatua imepigwa.

Kwa Wazaramo, ambao Kisarawe na sehemu kubwa ya Kibaha ni ardhi yao pamoja na jirani zao Wakwere, hatua hiyo ilikuwa na utaratibu mzito. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa na wanawake wakubwa. Katika kipindi hicho alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti.

Mwana hiti hana mikono wala miguu. Kiwiliwili chake ni kama kipande cha mchi. Kilichochongwa kwa uangalifu ni kichwa, na juu ya kichwa ni nywele, mara nyingi shungi mbili zilizosimama na kuachana katikati. Mwali alimwogesha, akampaka mafuta, akamtunza kama mtoto wake mwenyewe, kwa kujiandaa na uzazi. Mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliyeishi miongoni mwa Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960, aliyaandika mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1970. Leo vinyago vya mwana hiti vimo kwenye makumbusho ndani na nje ya nchi.

Tafakari uchaguzi wa mchongaji. Angeweza kuweka mikono, miguu, macho makubwa. Vingi ameviacha, akabakiza nywele. Ni kama alitaka kusema kwamba mtu hutambulika kuwa ametunzwa kwa kutazamwa kichwani. Na yule binti, ambaye miaka michache nyuma alikuwa mtendewa, sasa ana wa kumtunza. Kuchanwa, kujichana, kuchana: sarufi ya neno moja imepita na umri wake wote.

Nyumba nyingi za Tangini leo hazimweki mwali ndani, na wengi hawataki utaratibu huo urudi kwa namna ulivyokuwa, hasa kama utamtoa binti shuleni. Hata hivyo lile somo la kukabidhiwa mwenzako umtunze halina haja ya ngoma wala ya kufichwa. Dada mkubwa akiambiwa amchane mdogo wake Jumapili jioni, amelipata.

Mahali kitana kinapopotea

Kitana hakikupotea kwa siku moja, wala hakuna wa kumlaumu peke yake.

Shule ni sababu mojawapo. Shule nyingi za serikali huwataka wanafunzi wote, wa kiume na wa kike, wawe na nywele fupi zilizonyolewa. Sababu zinaeleweka. Nywele fupi ni rahisi kuzisafisha, chawa hawapati pa kujificha, mtoto wa maskini na wa tajiri wanalingana, na muda wa asubuhi hautumiki kusuka. Wazazi wengi wanaupenda utaratibu huo, kwa kuwa unawapunguzia gharama.

Lakini matokeo yake nyumbani hayazungumzwi. Binti anayenyolewa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne hukaa miaka kumi na moja bila kuchanwa, isipokuwa likizo ndefu. Akimaliza shule, nywele zinaota, na hajui afanye nazo nini. Mama yake naye ameshasahau mikono. Anakwenda saluni moja kwa moja.

Saluni si adui. Wasusi wa Kibaha wanasomesha watoto kwa vidole vyao, na mitindo wanayoijua ni elimu kamili. Hata majina ya mitindo ni fasihi. “Twende kilioni”, ile mistari michache iliyolala kuelekea kisogoni, ilipewa jina hilo kwa sababu ndiyo inayosukwa haraka msiba ukitokea. Ila saluni inasuka kwa foleni. Anayesuka watu wanane kwa siku hana nafasi ya kumsikiliza mtoto kwa utaratibu wa magoti ya bibi yake.

Kisha kuna dawa za kulainisha nywele. Mama aliyeshindwa kuchana nywele za mwanawe hushawishika kuzipaka dawa ili “zichanike”. Baadhi ya dawa hizo zina kemikali kali zinazoweza kuunguza ngozi ya kichwa. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, waliofuatilia wanawake 33,497, walieleza kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata saratani ya mji wa mimba kuliko wasiotumia. Utafiti ulionyesha uhusiano, haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo kisababishi. Hata hivyo unatosha kumfanya mzazi asimame kidogo kabla ya kumpaka mtoto.

Sababu ya mwisho ni saa zenyewe. Mzazi wa Kibaha anayefanya kazi Dar es Salaam hudamka alfajiri kugombea usafiri wa barabara ya Morogoro na kurudi watoto wamelala. Anayemchana mtoto, kama anachanwa, ni dada wa kazi. Ndiye anayesikia habari za shuleni. Wazazi wenye busara humuuliza dada, si kwa kupeleleza, bali kwa kujua kwamba yeye ndiye aliyekaa na mtoto mgongo kwa magoti.

Funzo kutoka Mto Klamath

Kwamba kitenzi cha kuchana nywele kinaweza kuwa kipimo cha afya ya lugha, mfano mzuri uko mbali na hapa. Kaskazini ya jimbo la California, Marekani, kando ya Mto Klamath, wanaishi Wayurok, watu wa mto na samaki aina ya samoni. Mwaka 2013 alifariki Archie Thompson, mzee wa miaka 93, aliyetajwa kuwa wa mwisho kati ya waliokua wakisema Kiyurok tangu utotoni.

Kiyurok hakikufa siku ile. Chuo Kikuu cha California cha Berkeley kina rekodi za wazee zilizoanza kukusanywa mwanzoni mwa karne ya 20, kuna kamusi iliyo wazi kwenye intaneti, na lugha inafundishwa katika baadhi ya shule za eneo hilo. Ndani ya kumbukumbu hizo, pamoja na maneno ya samaki na mto, kuna kitenzi cha kuchana nywele.

Namna ambavyo lugha za wenyeji wa Marekani zilidhoofishwa inafundisha zaidi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, watoto wengi wa makabila hayo walipelekwa shule za bweni. Huko walikatazwa kusema lugha za kwao, na mara nyingi jambo la kwanza walilofanyiwa walipofika ni kukatwa nywele. Kichwa na ulimi vilishughulikiwa pamoja. Walioendesha shule hizo walijua kwamba mtoto asiyeshikwa kichwa na bibi yake hatasikia tena maneno ya bibi yake.

Tanzania si Marekani ya wakati ule. Hapa hakuna aliyekatazwa Kiswahili kwa kunyolewa, na Kiswahili chenyewe kinakua, kimepewa na UNESCO siku yake ya kimataifa, Julai 7. Lakini Kizaramo na Kikwere haviko katika hali hiyo. Watoto wengi wa Kibaha wanakua na Kiswahili peke yake, na lugha ya bibi wanaisikia misibani na kwenye ngoma. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapisha mwaka 2009 atlasi ya lugha za nchi hii. Atlasi ni ramani tu. Maneno ya nyumbani yako vinywani mwa wazee.

Kwa hiyo kuna kazi ndogo ambayo kila familia inaweza kuifanya wiki hii bila gharama. Mkikutana na bibi au babu wa Kisarawe, Mlandizi au Maneromango, mwulizeni: “Bibi, kwa kwetu mnasemaje ‘njoo nikuchane’?” Msiishie hapo. Mwulizeni kitana kinaitwaje, mafundo ya nywele yanaitwaje, mtoto mwenye nywele timutimu anataniwaje. Mtoto aandike kwenye daftari au arekodi kwenye simu.

Kuchana bila machozi

Wanaotaka kurudisha kitana nyumbani waanze kwa kujua kwa nini watoto hukimbia. Nywele za Kiafrika hujikunja, na kila mkunjo ni sehemu ambapo unywele unaweza kukatika. Kitana kikiingizwa kwenye nywele kavu, kuanzia kwenye ngozi kwenda juu, kinakusanya mafundo yote mbele yake na kuyavuta kwa pamoja. Maumivu ya mtoto ni ya kweli, wala hadeki.

Lainisha kwanza. Maji kidogo, kisha mafuta ya nazi au mengine mepesi. Gawa kichwa sehemu nne, bana tatu, fungua moja. Tumia vidole kuchambua mafundo makubwa, kisha chanuo, na kitana kije mwisho kama kinahitajika.

Anza kwenye ncha za nywele, shuka kidogo kidogo kuelekea kwenye shina. Mkono mmoja ushike nywele karibu na ngozi, ili mvuto uishie mkononi mwako usifike kichwani kwake. Ukimaliza sehemu moja, isokote au ibane, nenda nyingine. Mtoto akiomba kupumzika, mpumzishe.

Ukisuka, usikaze mbele na panjani. Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, kichwa kuuma usiku na ngozi kung'aa ni dalili kwamba umevuta kupita kiasi. Nywele zinazovutwa hivyo miaka nenda rudi hunyonyoka, na sehemu nyingine hazioti tena.

Kila mtoto awe na kitana chake. Mapunye husababishwa na fangasi, na kuchangia vitana, kofia na mashine za kunyolea ni njia rahisi ya kuyaeneza. Mtoto akiwa na mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, mpelekeni kituo cha afya. Dawa ya kupaka peke yake kwa kawaida haitoshi, huhitaji ya kumeza.

Hata kwa mtoto aliyenyolewa kwa ajili ya shule, saa haina haja ya kupotea. Kichwa kifupi nacho huoshwa, hupakwa mafuta, hukaguliwa mapunye na mba. Mtoto wa kiume anayo haki hiyo pia. Magoti ni yale yale na mazungumzo ni yale yale.

Baba naye anaweza

Wapo akina baba wanaodhani kitana ni cha wanawake. Kisha mama anasafiri, au anajifungua, au anaondoka duniani, na baba anabaki na binti wa miaka sita ambaye nywele zake hakuna anayejua kuzishika. Baba wa namna hiyo hujifunza haraka, na majirani humcheka siku mbili tu.

Baba anayemchana binti yake anampa kipimo. Binti huyo atajua mapema kwamba mkono wa mwanamume unaweza kugusa kwa upole na kuacha kugusa pale anaposema, “Inauma.” Miaka ya baadaye, mkono wowote usioacha utamshangaza.

Na kitenzi kina hatua yake ya mwisho, ambayo wengi hawaifikirii mpaka iwafike. Aliyechanwa akajichana, aliyejichana akachana wanawe, hufika umri ambao mikono haipandi tena kichwani. Mabega yanauma, vidole vimekakamaa. Bibi ambaye nusu karne aliwashika wengine kichwa sasa ameketi kwenye kigoda, nywele nyeupe zimeshikana, na anaona haya kuomba.

Hapo ndipo nyumba hujulikana kama kitana kilipita au hakikupita. Mjukuu aliyechanwa hahitaji kuelekezwa. Hachukui mashine ya kunyolea ili kazi iishe. Huleta mafuta, huketi nyuma ya bibi, hushika nywele karibu na ngozi ili asimvute, na kusema lile neno alilolikimbia akiwa na miaka mitatu: “Bibi, njoo nikuchane.”